UZI: Mambo madogo ya "The Prisoner" na sababu zake za kweli

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wale wanaoipenda tamthilia ya Uingereza iitwayo "The Prisoner", na pia wa wale waliosikia habari zake bila kuwahi kuitazama. Natahadharisha mapema kwamba nitaueleza mwisho wake bila kuficha, kwa hiyo asiyetaka kuujua aishie hapa, akaitazame kwanza, kisha arudi tuzungumze.

Hadithi yenyewe kwa ufupi ni hii. Jasusi mmoja wa London, ambaye jina lake halitajwi hata mara moja, anaingia ofisini kwa mkubwa wake akiwa amefura hasira, anambwagia mezani barua ya kujiuzulu, kisha anarudi nyumbani kufunga mizigo. Gesi inapulizwa kupitia tundu la ufunguo, anazirai, na anapozinduka anajikuta katika mji mdogo wa pwani, mzuri kama picha, unaoitwa Kijiji tu, ambako kila mkazi ana namba badala ya jina. Yeye ni Namba Sita. Anayekiendesha Kijiji ni Namba Mbili, ambaye hubadilishwa karibu kila sehemu, na kazi yake kubwa ni kumfanya Namba Sita aseme kwa nini alijiuzulu. Namba Moja haonekani. Sehemu zote ni 17 tu, zikarushwa nchini Uingereza kuanzia Septemba 1967 hadi Februari 1968, na mabishano juu yake hayajaisha mpaka leo.

Katika mabishano hayo kuna desturi moja nisiyokubaliana nayo, nayo ni ya kukichukulia kila kitu kinachoonekana kwenye skrini kuwa ni fumbo lililopangwa na mtu mmoja mwenye akili ya ajabu. Nimeifuatilia tamthilia hii kwa muda mrefu, na ninaamini kwamba mengi ya mambo yake ya ajabu yalizaliwa na shida za kazi: mashine iliyoharibika, mwigizaji aliyekuwa safarini, mauzo ya Marekani, wakubwa wawili wasioelewana. Sifa ya Patrick McGoohan, aliyekuwa mwigizaji mkuu, mwongozaji wa baadhi ya sehemu na msukumo wa kazi nzima, ni kwamba hakuzificha shida hizo. Alizichukua akazitia ndani ya hadithi.

Tuanze na mlinzi wa Kijiji, aitwaye Rover. Kwenye skrini ni puto jeupe kubwa kuliko mtu, linaloibuka kutoka baharini, linadunda juu ya mchanga likinguruma, kisha linamgandamiza usoni mtu anayekimbia mpaka anakosa pumzi. Lakini mlinzi aliyekusudiwa mwanzoni hakuwa puto. Ilikuwa mashine iliyojengwa juu ya kigari kidogo cha mashindano, ikafunikwa kwa kuba na kuwekwa taa juu yake, na ilitakiwa iweze kupita nchi kavu na majini pia. Kazi ya kupiga picha ilipoanza huko Wales Septemba 1966, mashine hiyo haikufaa kitu. McGoohan alisimulia baadaye kwamba yeye na meneja wa uzalishaji, Bernard Williams, walikuwa wakitafakari la kufanya walipoliona puto la wapima hali ya hewa likipaa angani, na hapo hapo mlinzi mpya akapatikana.

Kwa maoni yangu, puto hilo ni bora mara mia kuliko mashine iliyokusudiwa. Mtazamaji akiiona mashine hujua kwamba ina injini, kwamba kuna aliyeitengeneza, na kwamba inaweza kuvunjwa. Puto halina uso wala silaha, na hakuna mahali pa kulishika. Baadhi ya picha zake zilipigwa kwa mwendo wa kawaida, kisha filamu ikachezeshwa kinyumenyume, na ndiyo maana huonekana kama kitu chenye nia yake chenyewe. Hofu yote ile ilipatikana kwa mpira uliojazwa hewa, na ilipatikana kwa sababu fedha na ufundi vilishindwa kuleta kile kilichoandikwa.

Hesabu ya sehemu 17 nayo imezushiwa maana nyingi. McGoohan alikuwa anatoka kwenye tamthilia ya ujasusi ya "Danger Man", iliyompa umaarufu mkubwa, na alikuwa ameichoka. Alimwendea Lew Grade, mkuu wa kampuni ya ITC, asubuhi na mapema kama ilivyokuwa kawaida ya Grade kupokea wageni, akiwa na picha za mahali alipopataka, na wakapatana kwa kushikana mikono. McGoohan alidai daima kwamba yeye alitaka sehemu saba tu. Grade, ambaye alihitaji bidhaa ya kuuza Marekani, alitaka 26. Zile 17 ni matokeo ya mvutano huo, na ukizitazama kwa makini utaona mahali hadithi iliporefushwa ili idadi itimie. "The Girl Who Was Death", kwa mfano, ilitokana na wazo lililobaki tangu enzi za "Danger Man", na karibu yote hutokea nje ya Kijiji, mpaka dakika za mwisho tunapogundua kwamba Namba Sita alikuwa anawasimulia watoto hadithi ya kulalia. Sehemu hiyo inafurahisha sana, ila ni wazi ilikuja kujaza nafasi.

Nafasi nyingine iliyojazwa ni "Do Not Forsake Me Oh My Darling". McGoohan alikuwa amekwenda Marekani kuigiza katika filamu ya "Ice Station Zebra", na kazi haikuweza kumsubiri. Waandishi wakabuni mashine ya kuhamisha akili ya mtu mmoja kuiingiza katika mwili wa mwingine, na karibu katika sehemu hiyo yote Namba Sita akaigizwa na Nigel Stock, aliyejulikana nchini Uingereza kama Daktari Watson wa hadithi za Sherlock Holmes. Kuna waliokwisha kuandika kurasa nzima juu ya falsafa ya nafsi na mwili katika sehemu hiyo. Mimi naiona kuwa dhaifu kuliko zote, kwa kuwa Namba Sita bila macho na sauti ya McGoohan hawi Namba Sita.

Sasa tuje Kijijini penyewe. Wengi hudhani ni mandhari ya studio, lakini ni mahali halisi paitwapo Portmeirion, kaskazini mwa Wales, palipoanza kujengwa mwaka 1925 na msanifu majengo Clough Williams-Ellis. Alizikusanya nguzo, dari na mapambo ya majengo yaliyokuwa yakibomolewa sehemu mbalimbali za Uingereza, akayapa makao mapya katika mji wa mtindo wa Italia ulio kando ya maji. McGoohan alipafahamu kwa sababu "Danger Man" ilipigwa picha huko mwaka 1960, ambapo Portmeirion ilijifanya Italia. Watazamaji wa kwanza hawakuambiwa ni wapi. Jina lilijitokeza wazi kwenye maandishi ya mwanzo ya sehemu ya mwisho. Picha za ndani zilipigwa katika studio za MGM huko Borehamwood, na ndiyo maana nyumba ya Namba Sita kwa nje ni ndogo ya mviringo, ilhali kwa ndani ni pana mno. Ajabu ni kwamba kasoro hiyo inakaa vizuri ndani ya hadithi: katika Kijiji hakuna nyumba inayopaswa kuaminika.

Jambo linalonivutia kuliko yote ni swali la Kijiji kiko wapi ndani ya hadithi, kwa sababu majibu yanapingana. Katika "The Chimes of Big Ben", mwanamke aitwaye Nadia anasema kiko Lithuania, karibu na mpaka wa Poland. Wanatoroka pamoja, kwanza kwa bahari, halafu ndani ya sanduku la mizigo, mpaka ofisi ya London inayofahamika kwa Namba Sita. Anakaribia kusema siri yake, na kengele ya Big Ben inagonga saa. Anaitazama saa ya mkononi aliyopewa na mtu wa Poland, na inaonyesha saa ile ile. Hapo anasimama. Saa iliyotoka Poland ilipaswa kutofautiana na ya London kwa saa nzima. Anakwenda ukutani, anaikuta sauti ya magari ikitoka kwenye mashine ya kanda, anafungua mlango na kutoka nje, na nje ni Kijiji. Safari yote ilikuwa uongo, na Lithuania nayo imeondoka pamoja na uongo huo.

Katika "Many Happy Returns" anatoroka kwa chelezo alichokiunda mwenyewe, na wataalamu wanapopima mwendo wake wanaelekeza kwenye bahari iliyo kati ya Morocco, Ureno na Hispania. Halafu inakuja "Fall Out", sehemu ya mwisho, ambapo wanatoka kwa lori kupitia handaki na punde tu wako kwenye barabara ya A20 wakielekea London. Wapo wanaochora ramani kuyapatanisha haya matatu. Mimi nasema yasipatanishwe. Kila jibu liliandikwa kwa haja ya sehemu yake, na McGoohan aliyaacha yapingane kwa kuwa mfungwa asiyejua alipo ndiye aliyemtaka.

Niruhusuni niongeze habari moja kabla sijawaachia jukwaa. Katika sekunde za mwanzo wa karibu kila sehemu, yule mkubwa mwenye upara aliyekaa kimya mezani wakati McGoohan anafoka na kubwaga barua si mwigizaji wa kukodiwa. Ni George Markstein, mhariri wa miswada, anayehesabiwa na wengi kuwa mwasisi mwenza wa tamthilia hii. Markstein na McGoohan hawakuelewana juu ya mwelekeo wa kazi, na Markstein akaondoka kabla haijamalizika. Kwa hiyo mhusika anayejiuzulu anajiuzulu mbele ya mtu ambaye baadaye alijiuzulu kweli, na hilo halikupangwa na yeyote.

#2 Mchangiaji

Mleta uzi, heshima yako. Nimeusoma uzi wako wote na nimefaidika, lakini naona unamnyima mzee McGoohan haki yake. Zipo alama ambazo haziwezi kuwa bahati. Katika "Arrival", sehemu ya kwanza kabisa, Namba Sita anapotajiwa habari zake, tarehe yake ya kuzaliwa ni 19 Machi 1928, na hiyo ndiyo tarehe aliyozaliwa McGoohan mwenyewe huko New York. Mlango wa nyumba yake ya London una namba 1, na katika sehemu ya mwisho unafunguka wenyewe kwa mvumo ule ule wa milango ya Kijiji. Namba Moja anapovuliwa kinyago, chini yake kuna sura ya nyani, na chini ya nyani kuna uso wa Namba Sita. Mtu aliyeunganisha mambo hayo alikuwa anajua anakokwenda. Isitoshe, katika mazungumzo ya mwanzo swali la "Namba Moja ni nani?" hujibiwa kwa kumtajia mfungwa namba yake, "Wewe ni Namba Sita", na wapo wanaosikia pumzi ndogo ya msemaji ikiligeuza jibu kuwa "Ni wewe, Namba Sita".

#3 Mleta uzi

Ndugu yangu, hayo uliyoyataja nayakubali kabisa, na hayapingani na hoja yangu. Tarehe ya kuzaliwa, mlango na nyuso zilizofichana ni maamuzi ya mwandishi. Ninachokataa ni kuyaweka kwenye kapu moja na puto au na mwili wa Nigel Stock.

Hata hiyo "Fall Out" unayoitaja inaonyesha jinsi mambo mawili yalivyochanganyika. Sehemu iliyotangulia, "Once Upon a Time", ilipigwa picha mapema sana, ikiwa ya sita kutengenezwa. Ndani yake Namba Sita na Namba Mbili, aliyeigizwa na Leo McKern, wanafungiwa chumbani kwa mapambano ya akili, wakiwa na mnyweshaji bubu tu, Angelo Muscat wa Malta, mpaka mmoja wao anaanguka na kufa. Ilikuwa karibu mwaka mzima kabla ya kuirejea hadithi hiyo katika "Fall Out", na McKern alikuwa amekwisha kunyoa ndevu zake na kupunguza nywele. Badala ya kumbandika ndevu za bandia, walimfufua kwenye kiti, wakampaka povu usoni na kumnyoa mbele ya watazamaji. Matokeo yake ni mtu anayerudi kutoka kwa wafu akiwa na sura mpya, anacheka, na anatema mate kwenye jicho la mtawala wake. Mwandishi gani angebuni vizuri zaidi ya hapo kama ndevu zingekuwepo?

Kenneth Griffith, aliyeigiza Rais wa baraza katika sehemu hiyo, alisimulia kwamba McGoohan alimwambia aiandike hotuba yake mwenyewe. Hiyo si tabia ya mtu mwenye mpango uliofungwa. Hiyo ni tabia ya mtu anayejua anataka kusema nini na anaacha njia ijitengeneze.

#4 Mchangiaji

Wakuu, mimi naomba kuuliza swali la siku zote. Je, Namba Sita ni John Drake, yule jasusi aliyeigizwa na McGoohan katika "Danger Man"? Na kuhusu ile gari anayoiendesha Namba Sita mwanzoni mwa tamthilia, ni kweli kwamba siyo ile ile mwanzoni na mwishoni?

#5 Mleta uzi

Swali la kwanza, Markstein alisema ndiye, na McGoohan alikana mpaka mwisho wa maisha yake. Jina la Drake lilikuwa la "Danger Man", tamthilia iliyobuniwa na Ralph Smart, kwa hiyo kulitumia kungeleta suala la haki za mwasisi. Lakini nadhani sababu ya McGoohan ilikuwa nzito kuliko hiyo. Akiwa na jina na historia, huyo ni jasusi mmoja aliyepata matatizo na serikali yake. Bila jina anaweza kuwa mtu yeyote aliyewahi kukataa kutii. Kampuni aliyoianzisha na mtayarishaji David Tomblin, iliyotengeneza kazi hii, iliitwa Everyman, yaani "mtu yeyote", na jina hilo peke yake linaonyesha alikuwa amesimama upande gani.

Kuhusu gari, ni Lotus Seven yenye namba za usajili KAR 120C. Ilipofika wakati wa kupiga picha za "Fall Out" gari ya kwanza ilikuwa imekwisha kuuzwa, hivyo ikatafutwa nyingine na kuwekewa namba zile zile. Aliyeileta ni Graham Nearn wa kampuni ya Caterham, na anaonekana kwa muda mfupi mwenyewe akiwa fundi. Mwaka 1973 Caterham ilichukua haki ya kuendelea kutengeneza magari ya aina hiyo.

#6 Mchangiaji

Nimefurahi kuukuta uzi huu. Mimi niliijua hadithi hii kwanza kupitia toleo jipya la mwaka 2009, lenye Jim Caviezel na Ian McKellen, ambalo lilipigwa picha kwetu Afrika, katika mji wa Swakopmund nchini Namibia. Nyumba za Kijerumani zilizosimama kati ya jangwa na bahari zilifaa sana kuwa Kijiji. Lakini watazamaji wa zamani wanalidharau. Kuna sababu gani hasa, na mtu aliyelianza hilo ataanzaje na lile la kwanza?

#7 Mleta uzi

Mkuu, Swakopmund ilichaguliwa vizuri, na McKellen akiwa Namba Mbili hana la kulaumiwa. McGoohan alifariki Januari 2009, miezi kadhaa kabla toleo hilo halijarushwa. Ninachokikosa mimi ni ule ubishi wa mfungwa. Namba Sita wa Caviezel muda mwingi anahangaika kuelewa yaliyompata. Namba Sita wa McGoohan anashambulia.

Ukitaka kuona ninachokisema, tafuta "Hammer into Anvil". Namba Mbili wa sehemu hiyo, aliyeigizwa na Patrick Cargill, amemsababishia mwanamke mmoja kifo, na Namba Sita anaamua kumlipizia. Hachukui silaha. Anaingia dukani, anaomba nakala sita za sahani ya muziki mmoja wa Bizet, anaziweka moja baada ya nyingine, anasikiliza kidogo huku akiitazama saa yake, anaandika kitu kwenye karatasi, anaondoka. Sahani zote sita ni sawa, na hakuna siri yoyote ndani yake. Namba Mbili anazisikiliza akitafuta tofauti. Halafu zinafuata barua zisizo na maana, ujumbe unaofungwa kwenye mguu wa njiwa, na saa ya ukutani inayodhaniwa kuwa bomu, mpaka Namba Mbili anaanza kuwafukuza wasaidizi wake mmoja mmoja kwa kuwashuku. Mwishoni Namba Sita anamwamuru apige simu ajishtaki mwenyewe kwamba ameshindwa kazi, na anapiga.

Kuhusu mpangilio, usiufuate ule wa matangazo ya kwanza kama sheria. "Dance of the Dead" ilirushwa ya nane, ilhali ndani yake Namba Sita anazungumza kama mgeni aliyefika juzi, iweke mapema. Colin Gordon alikuwa Namba Mbili mara mbili, katika "A. B. and C.", iliyorushwa ya tatu, na "The General", iliyorushwa ya sita. Sikiliza mwanzo wa "A. B. and C.": wengine wote hujitambulisha kuwa ni Namba Mbili mpya, yeye anasema tu kwamba ni Namba Mbili. Isitoshe, katika sehemu hiyo anaiogopa simu ya wakubwa kama mtu ambaye ameshashindwa mara moja. Kwa hiyo itangulize "The General". "Living in Harmony", ile iliyovaa sura ya filamu za ng'ombe na bastola, na ambayo kituo cha televisheni cha CBS hakikuirusha kilipoionyesha tamthilia hii Marekani mwaka 1968, inaweza kukaa popote katika nusu ya pili. Anza na "Arrival", fuatisha "Dance of the Dead" na "Checkmate", na zile mbili za mwisho zitazame usiku mmoja, bila kuzitenganisha.